Kuku Hawezi Kuangua Lori

Sura ya Tisa

Siku ya kumi na tatu ya kumshikilia Muasya ilianza na orodha ya chakula.

Inspekta Nabiswa alikuwa ameketi mezani kwake kituoni, chai imempoa, jalada limefunguliwa mbele yake kwa mara ya hamsini. Humo ndani mlikuwa na kila kitu ambacho OCS, mkuu wa kituo, alisema kinatosha kumnyonga mtu. Mlikuwa na taarifa ya daktari kwamba Naftaly Wachira, msimamizi wa stoo ya chama cha wachonga vinyago kule Majengo, alipigwa kichwani kwa mpini wa tezo ya kuchongea Ijumaa jioni, tarehe kumi na moja Novemba 1994, na tangu hapo alikuwa amelala hospitalini bila kufumbua macho. Mlikuwa na orodha ya vinyago kumi na viwili vya mpingo vilivyotoweka jioni hiyo hiyo. Mlikuwa na maelezo ya mashahidi waliomsikia mchongaji Muasya, wiki moja kabla, akimwambia Wachira mbele ya watu, "Utanijua mimi ni nani." Na juu ya yote mlikuwa na barua.

Ilitolewa kwenye mfuko wa koti la Wachira. Haikuwa na jina wala tarehe, na ilikuwa ya Kiingereza, mistari mitatu tu kwa mwandiko wa duara uliopangwa vizuri:

"Mr. Wachira, you cannot possibly stop me. It is absolutely impossible for you to talk and remain safe. A hen cannot conceivably hatch a lorry, and you cannot conceivably see Christmas."

Nabiswa alikuwa ameitafsiri kwa kalamu ya risasi pembeni, kwa faida ya wale ambao Kiingereza huwapiga chenga. Huwezi kunizuia hata kidogo. Haiwezekani kabisa useme kisha ubaki salama. Kuku hawezi katu kuangua lori, na wewe huwezi katu kuiona Krismasi. Alipoulizwa habari za kuku na lori, OCS alijibu kwamba wachonga vinyago wote wana wazimu kidogo, na akaenda zake kunywa chai.

Mwandiko wa barua ulilinganishwa na daftari la hesabu za vinyago lililokutwa chini ya kitanda cha Muasya. Mtaalamu wa miandiko aliandika kwamba vinafanana herufi kwa herufi. Basi kesi ikaiva. Kumpiga mtu na kuchukua mali ni wizi wa mabavu, na wizi wa mabavu adhabu yake ni kitanzi. Kwa kosa kama hilo sheria ilimruhusu polisi kumweka mshukiwa selo siku kumi na nne, si zaidi. Kesho, Ijumaa, saa tatu asubuhi, Muasya angesimamishwa kortini, na akishasomewa shtaka hilo hapewi dhamana. Angengoja rumande, hata kama ni miaka.

Nabiswa hakuwa na raha. Miaka ishirini ya kazi ilikuwa imemfundisha kushuku kesi iliyonyooka, na hii ilikuwa imenyooka mno.

"Afande, mke wa Muasya ameleta chakula," alisema Konstebo Batulo akiingia na karatasi mkononi. Batulo alikuwa msichana mrefu kutoka Isiolo, mwaka wake wa pili kazini, na alikuwa na tabia ya kusimama wima hata pale ambapo hakuna aliyemwona. "Hii hapa orodha. Nimekagua."

Kituo kile kilikuwa na utaratibu wake. Aletaye chakula cha mahabusu huandika mwenyewe alichokileta, kisha anatia sahihi. Nabiswa alitupia jicho karatasi ile kama alivyofanya kila siku bila kuisoma. Muthokoi ya mahindi na maharage bakuli moja. Chai ya maziwa. Sabuni kipande. Leo jicho lilikwama. Herufi y ya "chai ya maziwa" ilikuwa na mkia uliopinda kama ndoano. Akavuta barua, akaiweka kando ya orodha. Mkia wa "you" ulikuwa ule ule. Na k ilikuwa ile ile, na b, na hata kinukta cha i kilichoandikwa kama kiduara.

Alimgeukia Batulo. "Mlete huyo mama."

Koki, mke wa Muasya, aliingia akiwa amekumbatia kikapu kitupu. Macho yalikuwa yamemvimba kwa siku kumi na tatu za kulia. Nabiswa hakumpa hata kiti.

"Mama Nzivo, hii barua uliiandika wewe?"

Koki aliitazama, akaitazama orodha yake, kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Alicheka, kicheko kidogo cha mtu aliyechoka.

"Afande, mimi Kiingereza sijui. Nilisoma miezi sita tu kwa Mwalimu Kezia, pale ukumbini Ziwani, nikaacha nilipompata Nzivo. Hiyo imetimia miaka miwili."

"Mbona mwandiko ni mmoja?"

"Ni wa Mwalimu. Sisi watu wazima tulienda pale hatujui hata kushika kalamu. Anakushika mkono, anakuandikisha herufi moja wiki nzima mpaka itoke kama yake. Usipopinda mkia wa y anakupiga rula, hata kama una wajukuu. Sisi sote tunaandika hivyo."

"Sote, wangapi?"

"Tangu aanze? Watu mia, labda zaidi. Na Muasya wangu ni mmoja wao."

Batulo alikohoa mlangoni. Nabiswa aliketi polepole. Ule ushahidi mkubwa uliotiwa sahihi na mtaalamu ulikuwa umeyeyuka mbele yake. Mtaalamu alilinganisha barua na daftari moja akaridhika. Hakuna aliyemwambia kwamba nusu ya Ziwani inaandika kwa mkono mmoja.

"Kwa nini hukusema hili mapema?"

"Hakuna aliyeniuliza, Afande. Kila siku nikija naambiwa andika chakula, weka sahihi, toka."

Nabiswa aliona aibu na hakuificha. Alimvutia Koki kiti, akamwomba radhi, kisha akavaa koti.

*

Mwalimu Kezia aliishi katika nyumba ya chumba kimoja na jiko, Ziwani, mlango wa kijani wenye pazia la vitambaa. Aliwapokea akiwa na miwani myeusi na kipande cha bendeji kimechungulia chini yake. Alikuwa ametoka hospitali jana, alikotolewa mtoto wa jicho. Alilazwa Ijumaa ile ile asubuhi, kabla ya Wachira kupigwa, na kwa wiki mbili darasa lake lilikuwa limefungwa.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema Nabiswa.

"Marahaba. Wewe ni polisi. Unakanyaga sakafu kana kwamba inakudai. Keti. Na huyo binti naye aketi."

Nabiswa alimweleza yote. Habari za Muasya kushikwa zilimgonga mama yule kifuani. Alishika goti lake, kisha akauliza kwa sauti ya darasani, "Hiyo barua iko wapi? Mimi siwezi kusoma mpaka wiki ijayo. Nisomee."

Nabiswa alisoma. Kiingereza chake kilikuwa cha ripoti, kigumu na cha kuhesabu hatua. Alipofika "possibly" Mwalimu aliinua kidole.

"Usilimeze. Hilo neno ndilo linalobeba mzigo. Sema tena."

Alisema tena. Alipomaliza mstari wa pili Mwalimu alikuwa ameegemea mbele.

"Hayo ni maneno ya Alhamisi," alisema.

"Alhamisi gani, Mwalimu?"

"Siku moja kabla ya kulazwa. Tarehe kumi. Mmoja wa wanafunzi aliniuliza Jumanne: Mwalimu, Kiswahili tukikataa tuna katu, kamwe, asilani, hata kidogo, kabisa. Unaliweka mwishoni, umemaliza maneno. Mzungu naye akitaka kusema haiwezekani kabisa kabisa, anaandikaje? Nikamwambia swali zuri, njoo Alhamisi. Nikatunga somo lote kichwani kitandani, maana kitabu chetu hakina hayo. Nikawafundisha kwamba Mzungu neno lake la mkazo hulipenyeza katikati. Cannot possibly. Could not conceivably. Kiingereza hata kikikataa hukataa kimevaa tai." Alitabasamu kwa fahari. "Sijawahi kulifundisha somo hilo kabla ya hapo. Miaka tisa, hata mara moja."

Barua isiyo na tarehe ilikuwa imepata tarehe. Iliandikwa baada ya somo la Alhamisi, na kabla ya Ijumaa jioni ilipokutwa mfukoni mwa majeruhi.

"Muasya alikuwepo Alhamisi hiyo?"

"Batulo ndilo jina lako? Binti, hapo juu ya redio kuna rejista. Fungua tarehe kumi."

Batulo alifungua. "Waliohudhuria saba. Muasya: hayupo. Mazishi, Wamunyu."

Nabiswa alifumba macho. Katika jalada lake mlikuwa na tiketi ya basi iliyotolewa mfukoni mwa Muasya, Wamunyu hadi Nairobi, Ijumaa mchana. OCS aliipenda sana tiketi ile. Ilithibitisha, alisema, kwamba Muasya alifika mjini saa kumi na moja jioni, saa mbili nzima kabla ya Wachira kupigwa. Hakuna aliyeigeuza upande wa pili. Tiketi ile ile, ikiwekwa kando ya rejista, ilisema pia kwamba Alhamisi Muasya alikuwa makaburini, kilomita nyingi kutoka kwenye ubao wa Mwalimu Kezia.

Hata hivyo alijilazimisha kupinga. Hiyo ndiyo kazi. "Wakili wa serikali atasema rafiki yake alimfundisha Ijumaa ile. Kwa saa mbili mtu anaweza kunakili somo."

"Malizia barua," alisema Mwalimu. "Hujanisomea mstari wa mwisho."

Nabiswa alisoma. "A hen cannot conceivably hatch a lorry..."

Mwalimu Kezia alisimama. Alisimama ghafla hata Batulo akanyoosha mikono kumdaka.

"Rudia."

Alirudia.

"Hiyo ni ya mwanafunzi wangu," alisema Mwalimu, na sauti ilikuwa imemshuka. "Kila mwisho wa somo kila mtu hutunga sentensi yake kimya, ameinama, amefunika daftari kwa mkono. Mimi napita, nasoma, naweka alama kwa wino mwekundu. Sisomi kwa sauti mpaka kipindi kinachofuata, maana wakisikia ya mmoja wataiga wote. Hiyo ya kuku na lori ilinichekesha mpaka nikamwandikia Excellent. Naye akaibusu kalamu yake. Na kipindi kilichofuata hakikuwepo, nilikuwa nimefungwa macho hospitalini. Sentensi hiyo, kijana wangu, duniani wanaijua watu wawili. Mimi, na aliyeitunga."

"Ni nani?"

Hapo uso wa Mwalimu ulikunjamana. "Jicho hili lilikuwa limejaa ukungu. Nilisoma kwa kubandika pua kwenye karatasi. Niliona maneno, sikuona uso, na walikuwa wamebanana dirishani kutafuta mwanga. Sikumbuki."

Nabiswa alitaka kupiga meza. Lakini Mwalimu alikuwa tayari ameingiza mkono shingoni mwa gauni, akavuta uzi mrefu mweusi. Mwishoni mwa uzi ule palining'inia ufunguo.

"Madaftari hayaendi nyumbani," alisema. "Nyumbani wanafungia sukari. Yamo kabatini ukumbini, tangu Alhamisi ile."

*

Ukumbi ulikuwa mtupu, viti vimepangwa ukutani, mwanga wa saa tano asubuhi umelala sakafuni. Kwenye ubao bado kilionekana kivuli cha chaki, "possibly" kwa herufi kubwa zenye mikia ya ndoano. Mwalimu Kezia alifungua kabati kwa kupapasa. Madaftari yalikuwa yamefungwa kwa kamba, mafurushi mawili, waliohudhuria na wasiohudhuria.

"Anza na la Muasya," alisema.

Batulo alilipata katika furushi la pili. Ukurasa wa mwisho ulikuwa wa Jumanne, tarehe nane. Baada ya hapo karatasi zilikuwa nyeupe. Nabiswa aliliweka ndani ya bahasha, akaandika saa na mahali, Batulo akatia sahihi kama shahidi. Kisha wakalifungua furushi la kwanza.

Daftari la kwanza lilikuwa la dereva mmoja wa lori, na Nabiswa alikaribia kuruka kabla hajalisoma. Dereva alikuwa ameandika kwamba mama mkwe wake cannot possibly keep quiet. La pili lilisema samaki hawezi katu kupanda mlima wa Machakos. La tatu lilikuwa la muuza mitumba wa Gikomba, naye alisema mvua haiwezi kamwe kuomba ruhusa. Batulo alikuwa ameanza kutabasamu bila kutaka. La nne Mwalimu alikuwa amelikata kwa mstari, kwa sababu mwenyewe alitunga sentensi isiyoisha.

La tano lilikuwa na jalada la plastiki, safi, na jina limeandikwa kwa wino wa kalamu ya kuchovya. Nabiswa alifungua ukurasa wa tarehe kumi. Alisoma, akasoma tena, kisha akaligeuza ili Batulo naye aone kwa macho yake mwenyewe.

"A hen cannot conceivably hatch a lorry." Na chini yake, kwa wino mwekundu uliotapakaa kidogo: Excellent.

"Jina?" aliuliza Mwalimu.

"Muthama," alisema Nabiswa.

Mwalimu Kezia aliketi kwenye kiti cha karibu. "Muthama karani. Yule wa tai. Jamani, mwanafunzi wangu bora." Alilia machozi machache kwenye jicho moja, la pili likiwa limekatazwa kulia na daktari.

Muthama alikuwa karani wa kupokea vinyago pale chamani. Ndiye aliyekuwa shahidi wa kwanza katika jalada, ndiye aliyewaambia polisi habari za ugomvi. Nabiswa aliukumbuka ugomvi ule upya. Wachira alikuwa amekikwangua kinyago cha Muasya akakuta chini ya weusi mna mti mweupe, jakaranda iliyopakwa rangi ya viatu. Alikipiga msalaba wa chaki, akamwita Muasya tapeli mbele ya watu. Muasya aliapa kwamba alichokileta kilikuwa mpingo mtupu. Kila mtu alidhani anajitetea. Lakini kati ya mkono wa Muasya na macho ya Wachira palikuwa na meza moja tu, ya karani.

"Tunaenda kumkamata, Afande?" aliuliza Batulo.

"Tunaenda kumwomba msaada," alisema Nabiswa.

*

Stoo ya chama ilinuka unga wa mti na nta. Nje wachongaji walikuwa wameketi chini, miguu imenyooshwa, tezo zikienda kwa mpigo mmoja. Ndani, Muthama alikuwa nyuma ya meza yake, tai nyekundu, nywele zimechanwa upande, kalamu mbili mfukoni.

"Inspekta, karibu. Mambo ya kesho yako sawa?"

"Sawa kabisa, ila tumekwama kidogo." Nabiswa aliketi, akavua kofia kama mtu aliyekuja kuomba. "Bwana Muthama, wewe unajua Kiingereza kuliko sisi. Kuna barua ambayo Muasya alimwandikia marehemu mtarajiwa. Hujawahi kuiona?"

"Hata siku moja."

"Hujawahi kuisikia ikisomwa?"

"Ningeisikia wapi? Hayo ni ya polisi."

"Batulo, andika hilo. Sasa, tatizo ni hili. Kiingereza cha barua ile ni kizuri mno, hakimu anaweza kutuuliza maana. Nimekwenda kwa Mwalimu Kezia." Muthama aliacha kuchezea kalamu. "Ametoka hospitali, jicho bado limefungwa. Ameniambia kwamba huyu Muasya ndiye mwanafunzi bora kuliko wote aliowahi kuwafundisha."

"Muasya?"

"Ndivyo alivyosema. Ana kipaji, alisema. Akanitajia sentensi moja ya Muasya, ya kuku na lori. Anasema miaka tisa hajapata kuona sentensi kama hiyo. Anataka kuituma kwa wakubwa wa elimu ya watu wazima, na jina la Muasya chini yake."

Shingo ya Muthama ilikuwa imeanza kubadilika rangi juu ya kola. Nabiswa alimtazama kwa upole, akaendelea.

"Nami nikasema, hata kama ni mhalifu, akili anazo. Conceivably. Mimi mwenyewe neno hilo siliwezi. Mchongaji wa kawaida tu, lakini amewapita nyote, hata makarani."

"Mwalimu amekosea," alisema Muthama.

"Mwalimu Kezia? Sidhani. Amempa Excellent."

"Amekosea, ameumwa macho. Muasya hawezi kutunga kitu kama hicho. Muasya hata 'the' anaisahau." Sauti ilikuwa imepanda. Nje tezo moja ilinyamaza. "Na isitoshe, siku hiyo hata hakuwepo."

"Siku ipi?" aliuliza Nabiswa.

Tezo ya pili ilinyamaza, na ya tatu. Mkono wa Muthama, aliokuwa ameupunga kumdharau Muasya, ulibaki angani.

"Mimi nimekuambia sentensi," alisema Nabiswa taratibu. "Sikukuambia iliandikwa lini. Mwalimu hakuisoma kwa sauti. Barua hujaiona, umetuambia mwenyewe, Batulo ameandika. Sasa niambie, siku ipi, na umejuaje?"

Alitoa daftari lenye jalada la plastiki, akaliweka mezani katikati yao, wazi kwenye tarehe kumi. Wino mwekundu ulimtazama Muthama usoni.

Hakukimbia. Alichokifanya ni kuligusa lile neno Excellent kwa ncha ya kidole, na kwa nukta moja Nabiswa alikaribia kumhurumia.

"Ilikuwa sentensi nzuri," alisema Muthama.

"Nzuri sana. Ungeiacha daftarini, pengine ningekuwa bado nakunywa chai baridi. Kwa nini uliiweka kwenye barua?"

"Nilitaka Wachira aogope. Barua ya kawaida angeicheka, yeye aliwahi kufanya kazi kwa Wazungu." Aliilegeza tai yake. "Na niliona haya sentensi kama ile ilale kabatini wiki nzima bila kusomwa na mtu."

Yaliyobaki yalitoka yenyewe. Wachira alikuwa amegundua, Jumatano ile, kwamba vinyago vinabadilishwa baada ya kupokelewa. Alimpa Muthama mpaka Jumamosi ajitokeze mwenyewe mbele ya wanachama na kumsafisha Muasya. Alhamisi usiku Muthama aliandika barua, Ijumaa asubuhi akaipenyeza chini ya mlango wa Wachira. Wachira hakuogopa. Jioni alimwita Muthama stoo, akamwonyesha barua, akaikunja akaitia mfukoni, akamwambia sasa ataanza na polisi. Tezo ilikuwa karibu. Kisha Muthama akabeba vinyago kumi na viwili ili ionekane ni wizi.

Batulo alikuta makopo tisa ya rangi nyeusi ya viatu nyuma ya rafu ya vinyago. Saa nane mchana, katika chumba alichopanga Muthama, Mukuru kwa Njenga, wakakuta vinyago kumi na viwili vimefunikwa gunia, na cha kumi na tatu kisichokuwa kwenye orodha. Nabiswa alikikwangua hicho kwa ufunguo wake, chini kabisa, mahali pasipoonekana. Kilikuwa cheusi mpaka ndani. Chini ya mguu wa kinyago palikuwa na alama ndogo ambayo kila mchongaji huweka yake, na hii ilikuwa jani lenye vidole vitatu. Ndiyo alama ya Muasya. Batulo, aliyekuwa hacheki kazini, alipiga mkono wa Nabiswa kwa furaha kisha akakumbuka cheo chake akasimama wima.

*

Ijumaa, siku ya kumi na nne, OCS alisoma ripoti akiwa amesimama. Alifika mstari wa mwisho, akaukunjia uso.

"Nabiswa, hiki nini? 'Muasya could not possibly have written the letter.' Ripoti ya polisi inataka ukweli, haitaki mapambo. Toa hilo possibly."

"Samahani, bwana. Hilo ndilo neno linalobeba mzigo."

OCS alivuta kalamu, akatia sahihi. Saa tatu kasorobo asubuhi, badala ya kupanda gari la korti, Muasya alitoka selo akiwa ameshika viatu vyake mkononi, ndevu zimeota, mwanga unamuumiza macho. Kwenye gari la korti alipanda Muthama, bila tai.

Koki alikuwa kaunta na kikapu. Hakuna aliyekuwa amemwambia lolote. Alikuwa ameinama kwenye karatasi, akiandika "muthokoi bakuli mo...", Batulo alipoichukua kalamu mkononi mwake.

"Leo usiandike, Mama Nzivo. Mwenye chakula anakuja kukichukua mwenyewe."

Koki aligeuka. Bakuli lilianguka, muthokoi ikamwagika sakafuni, na hakuna askari hata mmoja aliyelalamika. Alimshika mumewe usoni kwa mikono miwili kana kwamba anakihakiki kinyago, paji, pua, mashavu, kisha akakiacha kilio chake kitoke chote. Muasya naye alilia. Batulo alileta habari nyingine, iliyopokelewa kwa simu alfajiri kutoka hospitali: Wachira alikuwa ameomba maji.

Nje, kwenye benchi la wageni, Mwalimu Kezia alikuwa amekaa na miwani yake myeusi, rula imelala mapajani. Alisikia hatua za Muasya akazitambua.

"Muasya."

"Naam, Mwalimu."

"Alhamisi ya tarehe kumi ulikosa somo."

"Nilikuwa mazishini, Mwalimu. Nisamehe."

"Sikusamehe. Nashukuru. Lakini deni la somo liko pale pale, na hatutangoja Jumanne. Sema nyuma yangu, na usilimeze neno la katikati. I could not possibly have done it."

Watu waliokuwa kwenye foleni waligeuka. OCS alitoa kichwa dirishani. Muasya alivaa kiatu kimoja, akasimama vizuri, mkono wa Koki mkononi mwake. Kwa siku kumi na tatu alikuwa amelisema jambo hilo kwa Kikamba na kwa Kiswahili, kwa kila askari aliyepita mlangoni, na hakuna aliyeandika.

"I could not possibly have done it," alisema.

"Kwa sauti. Wa nyuma hawajasikia."

Alisema tena, kwa sauti ya mtu anayeita watu wa ng'ambo ya mto, na lile neno la katikati akalitoa lote, silabi kwa silabi. Mwalimu Kezia alifungua mkoba, akapapasa mpaka akapata kalamu nyekundu. Hakukuwa na daftari karibu, kwa hiyo akauchukua mkono wa Muasya, akaugeuza, na kwenye kiganja chenye sugu za tezo akaandika neno moja bila kuliona, likapinda kidogo upande.

Nabiswa hakuhitaji kusogea ili kujua ni neno gani. Alirudi ndani kutafuta ufagio wa kuzoa ile muthokoi.